Hesabu sina, juu naogopa: nisome ufundi wa jukwaa?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 20. Shuleni nilikuwa nashughulika na taa na spika kwenye kila mchezo wa kuigiza, kuigiza kwenyewe sikuwahi na sitaki. Sasa nimepata nafasi chuoni, miaka mitatu, ufundi wa jukwaa na uandaaji wa maonyesho. Kaka yangu anasema hiyo ni kozi ya kwenda kujifunza kubeba maboksi na kubonyeza batani, niingie tu kwenye timu ya matamasha nianze kushika hela. Mimi wasiwasi wangu ni mwingine: hesabu nilifeli, kuchora sijui, na nikipanda ngazi magoti yanacheza. Halafu ni mtu wa kimya. Je niende au nitapoteza miaka mitatu?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza swali moja lakini ndani kuna furushi zima, kuna swali la kaka yako (hii kozi ina maana?), na kuna swali lako (mimi nafaa?), na hayo mawili watu wanayachanganya kila siku mpaka wanajikuta wamekataa chuo kwa sababu ya kufeli hesabu, au wamekwenda chuo kwa sababu ya kumkomoa kaka. Tuyatenganishe.

Nianze na kaka maana ana nusu ya ukweli. Batani kweli hazihitaji miaka mitatu. Deski ya taa ya kisasa, ile meza ya batani za kuendeshea taa, mtu mwenye akili ya kawaida anaizoea ndani ya wiki mbili, tatu, na kila toleo jipya likija hata sisi wazee tunaanza upya kutafuta kitu kilichokuwa pale jana kimehamia wapi. Kwa hiyo ukikuta chuo ambacho fahari yake yote ni "tuna deski mpya", hapo kaka yako ameshinda, usiende. Na maboksi utabeba kweli, sana, mwaka wa kwanza na mwaka wa ishirini. Mimi bado nabeba.

Anachokosea ni kudhani kwamba batani ndo kazi. Kazi ni kujua kwa nini, na hilo "kwa nini" kazini hakuna mwenye muda wa kukueleza, saa sita usiku roli linasubiri, utaambiwa "shika hapa, funga pale" na utafunga. Chuoni unafunga, unakosea, halafu yupo mtu analipwa kukaa na wewe kuchambua ulikosea wapi. Naweza kusema ada ya chuo ni bei ya kukosea mahali ambapo kosa lako halimuui mtu na wala halikufukuzishi kazi.

Nikupe kosa langu mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi mwaka wa pili nilipewa taa za mchezo mmoja, nikachukua taa kumi za wati 575 kila moja nikazilisha zote kwenye laini moja ya ampea 16, kwa sababu soketi ilikuwa karibu na nilikuwa mvivu wa kuvuta kebo nyingine. Kwenye mazoezi zikawaka vizuri kabisa. Siku ya onyesho, katikati ya tukio ambalo mama anamzika mwanawe, giza. Watazamaji wakadhani ni sehemu ya mchezo, wengine wakapiga makofi, mimi huku nyuma nataka ardhi ipasuke. Mwalimu wangu hakunifokea, alinipa karatasi akasema piga hesabu. Taa kumi mara 575 ni wati 5750. Gawanya kwa voti 230, unapata ampea 25. Laini ni ya 16. Nikamuuliza sasa mbona kwenye mazoezi haikukata? Ndo akanieleza kwamba ndani ya sakiti breka, ile swichi inayokata umeme yenyewe, kuna kipande cha metali mbili kinachopinda kikipata joto, mzigo ukizidi kidogo hakikati papo hapo, kinapashwa taratibu mpaka kifike. Ukipiga shoti kabisa kuna sehemu nyingine ya sumaku inayokata palepale, lakini mzigo uliozidi tu unakuchezea. Kwenye mazoezi tukio lile tulilipitia dakika mbili tukazima. Siku ya onyesho waigizaji walikuwa wanalia kwelikweli, likaenda dakika kumi na kitu. Sijawahi kurudia hilo kosa na sitarudia, na somo lile lingenikuta kwenye tamasha la watu elfu tano sidhani kama ningekuwa naandika haya.

Sasa angalia hesabu iliyotumika hapo: kuzidisha na kugawanya. Hapo ndo penye swali lako la hesabu, na nakwambia kama mtu aliyefundisha wanafunzi wengi wenye hofu hiyohiyo, hesabu za jukwaa karibu zote ni za namna hiyo. Hakuna anayekudai ile aljebra iliyokutesa. Chukua taa zinazoendeshwa na DMX, ule mfumo wa kutuma amri kutoka kwenye deski mpaka kwenye taa, uliotoka mwaka 1986 na bado ndo unatawala mpaka leo. Laini moja ina chaneli 512. Taa yako moja inakula chaneli 16, basi ya kwanza inaanzia anwani 1, ya pili 17, ya tatu 33, unaongeza 16 kila hatua mpaka unaingiza taa 32. Hiyo ni jedwali la kuzidisha. Ukikosea ukazipa mbili anwani moja, moja inafuata kila kitu mwenzake anachofanya kama kivuli, ni kichekesho mpaka mwongozaji aone.

Saundi vilevile. Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde kukiwa na joto la nyuzi 20. Ukiwa na ukumbi mrefu umeweka spika za pili mita 34 mbele ya zile za steji, umeme unazifikia palepale lakini sauti ya zile za steji inachukua karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde kufika pale, kwa hiyo mtu wa nyuma anasikia kila neno mara mbili. Dawa yake unazichelewesha spika za pili kwa milisekunde 100 hivi, basi, maneno yanakutana. Kugawanya tu. Na nimeona watoto waliofeli hesabu darasani wanapiga hizi kichwani kwa sababu sasa namba ina kitu nyuma yake, ina mtu amekaa kiti cha mwisho hasikii vizuri. Kilichokushinda shuleni inawezekana ni namba zisizo na mwenyewe. Ila sitakudanganya, kama hata kugawanya kwa kikokotoo kunakuchanganya itabidi ukae chini urekebishe kabla ya kuripoti, wiki chache zinatosha, tena na mtu ana kwa ana sio vivideo.

Kuchora nalo ni woga wa bure. Wengi wakisikia kuchora wanafikiria sura za watu. Mchoro wa jukwaa ni ramani. Unatumia kipimo, kwa mfano 1:25, ambapo sentimita nne kwenye karatasi ni mita moja kwenye steji, na siku hizi unachorwa kwenye kompyuta. Kinachotakiwa ni uaminifu, mlango wa sentimita 90 uwe sentimita 90, kwa sababu fundi seremala ataukata kama ulivyouchora na ukikosea utaukuta umekataa kuingia siku ya kufunga seti. Wale wanaotaka kuwa dizaina wa mandhari au maleba, hao sawa, mkono wa kuchora unawasaidia. Wewe umesema taa na sauti.

Sasa juu. Hapa nataka tukae kidogo maana nahisi ndo swali lenyewe.

Kwanza, kuogopa juu sio kasoro. Anayenitisha mimi ni yule kijana anayepanda kama kima, hajafunga mkanda, spana iko mfukoni. Spana ikidondoka kutoka mita nane inafika chini kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa hivi, na chini kuna mtu anafagia. Ndo maana vyuo makini vinakufunga spana mkononi kwa kamba kabla hata hujaonyeshwa ngazi, kila taa inayoning'inia ina kebo ya usalama ya pili, na chini kofia ngumu. Mwenye woga kidogo anakagua mara mbili. Namtaka huyo kwenye timu yangu.

Pili, watu hawajui kwamba hatari nyingi za juu unazidhibiti ukiwa umesimama chini au kwenye daraja lenye uzio, na kinachokuokoa ni kuelewa uzito unakaa wapi. Mfano mzuri ni mfumo wa kupandisha mandhari. Juu ya steji kubwa kuna mapaipu marefu yamening'inizwa kwa nyaya za chuma, zinapita kwenye kapi juu kabisa, zinashuka pembeni kwenye kitoroli kilichopakiwa vyuma vya uzito. Upande mmoja mandhari, upande wa pili vyuma, kama mizani. Vikilingana mtu mmoja anapandisha ukuta wa kilo 200 kwa mikono yake taratibu kama anavuta ndoo ya maji. Sasa swali ambalo nawauliza wanafunzi siku ya kwanza: unapofunga mandhari, unaanza na nini, mandhari au vyuma? Wengi wanajibu vyovyote. Hapana. Paipu likiwa chini, kitoroli kiko juu. Unafunga mandhari kwanza, upande mzito sasa ni paipu na paipu liko chini tayari, halina pa kuanguka, ndo wenzako walioko juu wanapakia vyuma. Ukianza na vyuma umeweka mamia ya kilo juu hewani na upande wa pili mwepesi, kifungio cha kamba kimetengenezwa kuzuia tofauti ndogo, kikishindwa kitoroli kinashuka kama jiwe na paipu linaruka juu na chochote kilichoshikwa nalo. Wakati wa kufungua unageuza, vyuma vinatoka kwanza, mandhari baadaye. Sheria ni ileile, upande mzito ukae chini siku zote. Mtu aliyekariri hatua tu, usiku akiwa amechoka atazigeuza. Aliyeelewa hawezi kugeuza hata ukimuamsha usingizini, na hii ndo tofauti niliyokuwa naisema ya kujua kwa nini.

Usidhani naongezea chumvi kuhusu usalama. Tarehe 30 Desemba 1903 huko Chicago, jumba la Iroquois lililokuwa limefunguliwa wiki tano tu na kutangazwa kuwa haliwezi kuungua, cheche ya taa ya steji ilishika kitambaa cha pazia, pazia la kuzuia moto likakwama njiani wakati linashushwa, milango mingine ilikuwa imefungwa au watazamaji hawakujua inafunguliwaje, wakafa zaidi ya watu 600 mchana wa maonyesho ya sikukuu, wengi akina mama na watoto. Milango ya dharura unayoisukuma kwa kifua ikafunguka ilipata nguvu baada ya mkasa ule. Kwa hiyo ukikuta chuo wanakuanzishia muhula wa kwanza na moto, umeme na kunyanyua mizigo badala ya taa za rangi, usinune.

Ila kuna woga na kuna woga. Magoti kutetemeka ngazi ya nne ni kawaida na kunapungua ukifundishwa polepole, hatua tatu leo, tano wiki ijayo, umefungwa mkanda. Lakini kama ukipanda unapata kizunguzungu, macho yanaingia giza, moyo unakimbia mpaka huwezi kushuka mwenyewe, au umewahi kuzimia, hapo maneno yangu hayatoshi, nenda kwa daktari akupime kabla ya kupanda chochote na uwaambie chuo mapema. Hutafukuzwa. Meza ya sauti iko chini, deski ya taa iko chini, meneja wa jukwaa yuko chini.

Na huyo meneja wa jukwaa ndo ananileta kwenye ukimya wako. Unaposema ni mtu wa kimya nilitabasamu, maana kazi ambayo huenda ukaipenda hujaitaja kabisa. Meneja wa jukwaa anakaa na skripti yenye alama zote, kila mabadiliko ya taa, sauti, pazia yana namba yake, mchezo mkubwa unaweza kuwa na mamia, na anaziita moja moja kwenye hedseti. "Jiandae, taa 47 na sauti 12." Mafundi wanajibu wako tayari. Halafu linakuja neno la kuamuru, "go", yaani nenda, na hilo neno ni mwiko kulitamka ovyo kwenye hedseti, hata kwa utani, kwa sababu vidole viko juu ya batani vinalisubiri. Nimesikia mtu anasimulia safari yake kwenye hedseti akalitamka, ukuta ukapanda mwigizaji bado anaongea. Kazi hiyo haimtaki mpiga kelele hata kidogo, inamtaka mtu mtulivu, anayesikiliza, asiyepaniki, anayekumbuka kwamba leo mwigizaji fulani anachelewa nusu sekunde. Mameneja bora niliofanya nao walikuwa watu wa maneno machache sana. Kwa hiyo mwaka wa kwanza usijifungie kwenye taa, omba ukae naye hata mchezo mmoja.

Turudi kwenye kuamua. Ukienda moja kwa moja kwenye matamasha utapata hela mapema, utajua watu, utazoea kasi, mikono itakuwa migumu. Na utajua kukunja kebo, usicheke, huo ndo mtihani wa kwanza kila mahali: ukizungushia kiwikoni unaisokota ndani mpaka inakufa, inatakiwa duara moja juu moja chini ili msokoto ujifute wenyewe. Hasara ni kwamba ukionekana unafaa kwenye kebo utabaki kwenye kebo, ni wachache wanaopewa deski, na skripti hutaiona kabisa, kwa sababu tamasha halina skripti. Kuna na masikio. Sauti ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kiafya inakadiriwa usiisikilize zaidi ya saa nane kwa siku, na kila ikipanda 3 muda unakatwa nusu, yaani ikifika 100 umebaki na dakika 15, na matamasha yanafika hapo bila shida. Vaa vizibo popote utakapokwenda, na kama masikio yanapiga mluzi na siku ya pili bado, muone daktari wa masikio usingoje.

Ukienda chuo utapata mapana, taa, sauti, useremala, maleba, kusoma mchezo na kuelewa mwandishi anataka nini, utapata wenzako ambao kesho ndo watakuita kazini (hii watu wanaidharau, kazi nyingi za fani hii zinakuja kwa simu ya mtu uliyesoma naye). Hasara ni miaka, ada, na ukweli kwamba waajiri wengi hawaangalii cheti, wanauliza umefanya maonyesho gani na kwa nafasi gani. Kama kusoma kutakuingiza kwenye deni ambalo huoni utalilipaje kwa kazi za msimu, mi ningekushauri kozi fupi ya mwaka mmoja pamoja na kazi za wikendi, na sioni aibu yoyote hapo. Kama ada inalipika, ningeenda, tena mtu kama wewe ambaye tayari anajua anachopenda.

Lakini usiende kwa kusoma vipeperushi. Nenda chuoni kwa miguu yako, siku wanayofunga seti ikiwezekana, na utafute wanafunzi wa mwaka wa mwisho sio mtu wa ofisi. Waulize kwa mwaka wanafanya maonyesho mangapi na wewe mwaka wa kwanza utakuwa nani, maana kuna mahali mwanafunzi anafagia mpaka mwaka wa tatu. Waulize usiku wa onyesho nani anakaa kwenye deski, mwanafunzi au fundi wa kuajiriwa. Ukiambiwa ni fundi wa kuajiriwa kwa sababu vifaa ni ghali, aga kwa adabu. Uliza walimu wanafanya kazi nje bado au waliacha zamani. Uliza mafunzo kwa vitendo wanatafutiwa au kila mtu ajitafutie. Halafu angalia karakana: msumeno una kinga yake? Watu wamevaa miwani? Kizima moto kiko wapi na kimekaguliwa lini? Chuo chenye deski ya kizamani na karakana yenye nidhamu kitakutengeneza kuliko kinyume chake.

Jambo la mwisho ambalo hukuliuliza, zile siku za mwisho kabla ya onyesho, wiki ya kuunganisha taa, sauti na waigizaji, mnaweza kukaa ukumbini muda wa saa kumi na mbili mfululizo, mnarudia sekunde thelathini kwa saa nzima, watu wanakuwa wakali. Ukiwa mtu wa kimya utaumia kimyakimya, kwa hiyo jifunze mapema kusema "nahitaji dakika tano", na ukiona usingizi umepotea wiki nzima na hutaki hata kuingia ukumbini, ongea na mshauri wa wanafunzi pale chuoni, wapo kwa ajili hiyo.

Bado una muda kabla ya kuripoti. Tafuta onyesho lolote linalofanyika karibu nawe, mfuate meneja wa jukwaa kabla ya siku yenyewe, mwombe ukae naye nyuma usiku mmoja na hedseti ya kusikiliza tu, maikrofoni imezimwa. Wengi wanakubali ukiomba vizuri na ukija na nguo nyeusi na viatu vilivyofungwa. Kaa mpaka mwisho kabisa, mpaka wanavunja seti, halafu niandikie uniambie ulikuwa unaangalia nini zaidi, steji au mikono ya watu wa nyuma.